Mbale: jinsi halmashauri ya mji inavyoweza kupunguza hewa ya ukaa inayoitoa yenyewe

MBALE – Lori la takataka linapotoka Soko Kuu la Mbale asubuhi, sehemu kubwa ya mzigo wake ni mabaki ya vyakula: maganda ya matoke, majani ya kabeji, nyanya zilizooza, maganda ya mahindi. Kwa mji wa aina hii mzigo huo ndio unaochafua anga zaidi katika kazi zote za halmashauri, kuliko taa za barabarani, ofisi na magari yake yote kwa pamoja.

Makala hii inaeleza hewa hiyo hutoka wapi, inapimwaje, hatua zipi zinawezekana kwa fedha za halmashauri yenyewe, na mambo hayo yanamhusu vipi mfanyabiashara na msafirishaji anayetumia njia za mashariki mwa Uganda.

Kwa ufupi

- Umeme wa Uganda hutoka zaidi kwenye maji, hivyo kuzima taa za ofisi hakupunguzi hewa ya ukaa kwa kiasi kikubwa.
- Takataka zinazooza jaani hutoa gesi ya methani. Hapo ndipo pa kuanzia.
- Dizeli ya malori na mitambo inafuata. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa.
- Fedha za kuuza hewa ya ukaa zilisaidia kuanzisha mitambo ya mboji Jinja na Mbale, lakini bei yake ilianguka. Mpango unaotegemea hundi hiyo peke yake hausimami.

Kwa nini Mbale

Mbale iko chini ya safu ya Wanale, magharibi mwa Mlima Elgon, takriban kilomita 225 kutoka Kampala kwa barabara ya Tirinyi. Ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 1, 2020, siku moja na Jinja. Malori yanayoingia kwa mpaka wa Malaba na kupitia Tororo hupita hapa kuelekea Soroti, Lira na Elegu, kisha Sudan Kusini. Upande wa mashariki kuna barabara ya Lwakhakha inayoingia Kenya, na nyingine inayopanda Kapchorwa hadi Suam. Kahawa ya Bugisu, vitunguu, kabeji na matoke hukusanywa hapa kabla ya kusambazwa.

Mji huu uliwahi kusifika kuwa miongoni mwa miji safi kabisa ya Afrika Mashariki. Baadaye wakazi waliongezeka, biashara ikapanuka, na uwezo wa kuzoa taka ukabaki nyuma.

Hasara ya hali ya hewa inayobadilika imekwisha onekana hapa. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022 mito ya Mbale, ukiwemo Nabuyonga, ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Barabara na madaraja yaliharibika na huduma ya maji ikakatika. Kabla ya hapo, Machi 1, 2010, maporomoko ya ardhi yalifukia kijiji cha Nametsi katika wilaya jirani ya Bududa. Mvua kubwa haiwezi kuzuiwa na halmashauri moja. Hata hivyo mtaro uliozibwa na taka hufanya mafuriko yawe mabaya zaidi, na mtaro ni kazi ya halmashauri.

Hewa ipi ni ya halmashauri?

Jambo la kwanza ni kutenganisha hewa ya mji mzima na hewa ya halmashauri yenyewe. Moshi wa malori ya mizigo yanayopita, wa viwanda na wa majiko ya majumbani ni wa mji. Hewa ya halmashauri ni ile inayotokana na vitu inavyovimiliki, inavyovilipia au inavyowajibika navyo kisheria. Kwa kawaida huwekwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kinachoungua au kuoza mikononi mwake: dizeli ya malori ya taka, ya magreda na ya jenereta, kuni za jikoni katika taasisi zake, na jaa la takataka. Fungu la pili ni umeme inaoununua. Fungu la tatu ni kazi inayofanywa na wengine kwa fedha zake: makandarasi wa barabara, wazoaji taka binafsi, lami na saruji.

Mpaka huu una maana kwa bajeti. Halmashauri haina uwezo wa kuagiza kila bodaboda ya Mbale itumie umeme. Lakini inaweza kuamua lori lake lizunguke njia gani, mkandarasi wake alipwe kwa masharti gani, na taka za soko zimwagwe wapi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, uzoaji wa taka ni wajibu wa halmashauri za miji.

Hesabu inayoonyesha pa kuanzia

Mfano ufuatao si takwimu za Mbale. Umetengenezwa ili kuonyesha uzito wa kila upande.

Tuseme halmashauri ina malori matano ya taka, kila moja likitumia lita 30 za dizeli kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni lita 46,800 kwa mwaka. Ukizidisha kwa kilo 2.7 unapata takriban tani 126 za hewa ya ukaa.

Sasa tuseme malori hayo humwaga jaani tani 30 za mabaki ya vyakula na majani kila siku, yaani karibu tani 11,000 kwa mwaka. Kwa vipimo vinavyotumiwa na jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya hali ya hewa, tani moja ya mabaki ya aina hiyo ikifukiwa jaani hutoa, katika miaka ya kuoza kwake, methani iliyo sawa na kati ya nusu tani na tani moja ya hewa ya ukaa, kutegemea kina cha jaa. Jumla ni kati ya tani 5,500 na 11,000.

Kwa maneno mengine, mzigo unachafua anga mara 40 au zaidi kuliko lori linaloubeba. Halmashauri inayonunua lori jipya la kisasa na kuendelea kumwaga taka zilezile shimoni itakuwa imegusa sehemu ndogo sana ya tatizo.

Sababu ni methani. Taka zikifunikwa bila kupata hewa, vijidudu huzila na kutoa gesi hiyo, ambayo katika kipindi cha miaka 100 hupasha joto dunia takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa yenye uzito uleule. Gesi hiyo pia huwaka, na ndiyo maana majaa mengi hufuka moshi. Hatari nyingine ni ya lundo lenyewe: Agosti 10, 2024 jaa la Kiteezi, lililohudumia Kampala, liliporomoka juu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30.

Hatua ya kwanza: mboji badala ya jaa

Mbale haianzi sifuri. Mwaka 2010 Mamlaka ya Taifa ya Mazingira ya Uganda, NEMA, iliandikisha mpango wa mboji wa miji chini ya utaratibu wa CDM wa Mkataba wa Kyoto, uliowezesha nchi tajiri kununua upunguzaji wa hewa chafu uliofanyika katika nchi maskini. Kundi la kwanza lilikuwa la miji tisa: Fort Portal, Jinja, Kabale, Kasese, Lira, Mbale, Mbarara, Mukono na Soroti. Mitambo ilijengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, halmashauri zikatoa ardhi na kubeba jukumu la kuiendesha.

Teknolojia yake si ngumu. Taka hushushwa kwenye sakafu ya zege, plastiki, vioo na vyuma huchambuliwa kwa mikono, kisha mabaki yanayooza hupangwa katika matuta marefu. Matuta hayo hugeuzwa mara kwa mara ili hewa iingie. Hewa ikiwepo, vijidudu vinavyotoa methani havipati nafasi. Baada ya wiki kadhaa mboji huchekechwa na kuuzwa kwa wakulima. Mboji nayo hutoa gesi kidogo, kama tani 0.2 kwa kila tani ya taka, lakini hiyo ni chini sana ya ile ya jaa.

Mambo matatu huamua kama mtambo wa namna hii utafanya kazi au utageuka kuwa jaa lingine lenye sakafu ya zege.

La kwanza ni usafi wa taka zinazoingia. Mifuko ya plastiki, maarufu kama kavera, na vipande vya chupa hushusha thamani ya mboji. Mkulima wa kahawa aliyekatwa kidole mara moja hanunui tena. Uchambuzi wa bei nafuu ni ule unaofanyika sokoni, kabla taka hazijachanganyika.

La pili ni mashine ya kugeuza matuta. Tingatinga moja likiharibika na vipuri visipokuwepo, matuta hukaa bila hewa na methani hurudi palepale. Bajeti ya vipuri na dizeli ya mtambo ina uzito sawa na bajeti ya ujenzi.

La tatu ni soko la mboji. Katika hili Mbale ina bahati kuliko miji mingi: mashamba ya kahawa na mboga ya Elgon yako karibu, na mtambo unaweza kuuza bila gharama kubwa ya usafiri. Lori lililoleta kabeji mjini na kurudi tupu mlimani linaweza kurudi na mboji.

Funzo la bei ya hewa ya ukaa

Mpango wa miji hiyo ulitegemea kwamba kila tani ya hewa iliyozuiwa ingeleta fedha. Wakati ukibuniwa, vyeti vya CDM viliuzwa Ulaya kwa zaidi ya euro 10 kwa tani. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 bei sokoni ilikuwa chini ya euro 1, kwa sababu vyeti vilikuwa vingi na wanunuzi wachache. Waliokuwa na mikataba ya bei maalum walipata nafuu kwa muda wa mikataba hiyo. Kwa wengine mapato yalikauka.

Kwa mfanyabiashara hili si geni. Ni sawa na kupanda kahawa kwa bei ya mwaka wa neema. Halmashauri yenye busara hupanga mtambo wake kwa mapato yaliyo karibu: ada ya uzoaji, mauzo ya mboji, na dizeli na ardhi inayookolewa taka zinapopungua jaani. Fedha ya hewa ya ukaa, kama ile inayojadiliwa sasa chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, ihesabiwe kuwa nyongeza tu. Pia hailipwi kwa ahadi. Hulipwa kwa tani zilizopimwa, na mji usio na mizani ya kupimia malori ya taka hauna cha kuuza.

Hatua ya pili: dizeli

Hapa fedha huokolewa haraka, ingawa hewa inayozuiwa ni ndogo kuliko ya taka. Wasafirishaji wanazijua mbinu zake, kwa kuwa ndizo wanazotumia wenyewe.

- Kuandika lita na kilomita za kila gari, kila siku. Lori linalotumia mafuta kuliko wenzake lina ubovu, au mafuta yake yanaishia kwingine.
- Kupanga njia ili lori lisirudi nusu tupu. Vituo vichache vya kukusanyia taka, karibu na masoko, hupunguza safari.
- Matengenezo ya kawaida: upepo wa matairi, vichujio, nozeli.
- Kutoacha injini ikiwaka wakati wa kupakia.
- Kutumia mikokoteni na pikipiki za matairi matatu katika vichochoro, malori yakabaki kwenye barabara kuu.

Magari ya umeme yanazidi kuzungumzwa. Kampuni ya serikali ya Kiira Motors, yenye kiwanda Jinja, imekwisha tengeneza mabasi ya umeme ya Kayoola. Kwa kuwa umeme wa Uganda ni wa maji, gari la umeme hapa hupunguza hewa ya ukaa kuliko katika nchi inayozalisha umeme kwa makaa ya mawe. Pikipiki za maofisa na magari madogo ya mjini ndiyo ya kuanzia. Lori la taka la umeme bado ni ghali.

Hatua ya tatu: taa na umeme

Bwawa la Owen Falls mjini Jinja, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Bujagali ilifuata mwaka 2012, Isimba mwaka 2019 na Karuma, yenye megawati 600, ilizinduliwa rasmi mwaka 2024. Kwa sababu hiyo taa za jua hazipunguzi hewa nyingi ya ukaa.

Zina faida nyingine. Mpango wa USMID, ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za Benki ya Dunia, ulijenga upya barabara za miji ikiwemo Jinja na Mbale, na kuweka taa za jua. Taa ya jua haina bili ya kila mwezi na haizimiki mji unapokatiwa umeme kwa deni. Wachuuzi huongeza saa za biashara na madereva wanaofika usiku huona barabara. Lakini betri huchoka baada ya miaka kadhaa, na halmashauri isiyotenga fedha za kuzibadilisha hubaki na nguzo tu.

Pale panapotumika jenereta ya dizeli, kama kwenye vituo vya afya, paneli za jua hupunguza hewa ya ukaa na gharama kwa pamoja.

Hatua ya nne: kuni za taasisi

Shule za serikali hupika kwa kuni, mara nyingi juu ya mafiga matatu. Majiko banifu ya matofali yenye bomba la moshi hupunguza kuni na kuwaepusha wapishi na moshi. Hatua hii ina uzito zaidi tangu Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alipotoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa nchi. Shule inayotumia kuni chache huathirika kidogo bei inapopanda.

Miti si kisingizio

Eneo la Mbale linajulikana kwa miti. Mradi ulioungwa mkono na serikali ya Wales, uliozinduliwa mwaka 2010, ulifikia lengo la miti milioni 10 mwaka 2019, kisha ukawekewa lengo jipya la milioni 25. Vilevile mpango wa tabianchi wa eneo hilo, maarufu kama TACC, ulioungwa mkono na shirika la UNDP, uliziweka pamoja wilaya za Mbale, Manafwa na Bududa katika kupanga.

Miti hiyo hushika udongo wa mlima, huleta kivuli kwa kahawa na kuni kwa familia. Lakini haifuti hewa inayotoka jaani. Mti huchukua miaka kukua na unaweza kukatwa siku moja. Methani iliyotoka jaani imekwisha kwenda angani. Taarifa ya halmashauri inapaswa kuweka miti kwenye safu yake na taka kwenye safu yake, bila kutoa moja kwenye nyingine.

Sheria inasemaje

Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa ya mwaka 2021 inazitaka wilaya kuwa na mipango yao ya utekelezaji. Uganda iliahidi mwaka 2022 kupunguza hewa chafu kwa asilimia 24.7 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote. Ahadi hiyo ya taifa hutimizwa katika mambo madogo ya miji: mizani, tingatinga, daftari la mafuta.

Nini kitamgusa mfanyabiashara na msafirishaji

Mwenye kibanda sokoni ajiandae kutenganisha mabaki yanayooza na plastiki. Ana haki ya kuuliza ada ya taka anayolipa inakwenda wapi, na kama lori linapita kwa ratiba.

Muuza jumla wa matoke na kabeji anaweza kupunguza taka kabla hazijafika mjini. Majani ya nje ya kabeji na vikonyo vya mikungu vikiachwa shambani huwa mbolea. Vikibebwa hadi Mbale ni uzito uliolipiwa nauli na kisha kulipiwa tena kutupwa.

Msafirishaji anayeomba zabuni za halmashauri atarajie kuulizwa umri wa magari, kumbukumbu za mafuta na mahali taka zinaposhushwa. Mwenye daftari safi la lita na kilomita atakuwa mbele ya mwenzake.

Dereva wa masafa marefu atanufaika kama mitaro itabaki wazi. Mafuriko ya 2022 yalionyesha kwamba njia ikikatika Mbale, mzigo wa Soroti, Lira na Elegu husimama au huzunguka mbali, na dizeli ya kuzunguka hulipwa na mwenye gari.

Maneno ya kujua

Hewa ya ukaa: gesi itokanayo na kuungua kwa mafuta, kuni na makaa, hubaki angani na kupasha joto dunia.

Methani: gesi itokanayo na vitu vinavyooza bila hewa; ndiyo pia gesi ya majiko ya samadi.

Mboji: mbolea itokanayo na mabaki ya mimea na vyakula yaliyoozeshwa kwa hewa.

Cheti cha hewa ya ukaa: hati ya kuthibitisha tani moja ya hewa iliyozuiwa; huuzwa na kununuliwa kama bidhaa, na bei yake hupanda na kushuka.